Boma la kobe kwenye udongo mweusi: shajara ya mradi, Ruai, Nairobi

Jumamosi, 6 Januari 2024

Leo tumepiga kamba. Mita 12 kwa 7, nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ua wa kayaba unaotutenga na ploti ya jirani. Nilitamani liwe mbele ili wageni walione, lakini mbele jua halifiki mpaka saa nne. Huku nyuma linapiga tangu saa moja na nusu. Kobe hana moto wake mwilini. Asipoota jua asubuhi, hata akila, chakula kinalala tumboni. Basi nyuma, wageni watazunguka.

Haraka yote hii ni ya mzee wa ploti ya tatu. Mwisho wa Juni anarudi Kinangop kwenye shamba la babake, na kobe wake watatu hawezi kwenda nao. Kinangop huanguka sakitu. "Mwanangu," aliniambia, "hawa wakilala nje usiku mmoja wa Julai, asubuhi nitakuwa na mawe matatu." Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea maganda na majani tangu tuhamie hapa, kwa hiyo jicho likaniangukia.

Wenyewe ni kobe wa madoa, wale wa gamba la manjano lenye mabaka meusi, ambao wataalamu huwaita Stigmochelys pardalis. Askari ni dume. Tumbo lake limebonyea kama sahani na mkia ni mrefu. Jina amelipata kwa kuzunguka ukuta mchana kutwa kama analipwa. Mama Mboga ni jike, na hakuna jani analolipita. Shosho ndiye mkubwa, kilo 11 na ushee, na umri wake hata mzee haujui, maana alimpata akiwa tayari mzima.

Niandike na la kibali hapa hapa, maana kila ninayemwambia kuhusu mradi huu swali lake la kwanza ni atampata wapi wake. Humpati. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kobe ni mnyamapori kama swala, na kumfuga bila kibali ni kosa hata kama umemwokota akivuka barabara. Ukimkuta barabarani, mvushe upande aliokuwa akielekea. Akiwa ameumia, wapigie KWS, shirika la wanyamapori. Mzee ana karatasi zake, na mimi niliomba za kwangu tangu Novemba. Watakuja kulikagua boma kabla kobe hajatia mguu.

Jumamosi, 13 Januari

Kuchimba. Anayeijua Ruai anaujua udongo huu. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Mvua ikinyesha unavimba, unanata, unabeba kiatu. Fundi alichomeka ufito kwenye ufa mmoja ukazama sentimita 40. Nikawaza mguu wa kobe humo ndani. Nyufa zote za ndani ya boma itabidi zizibwe.

Tulibishana juu ya msingi. Yeye anataka tushuke mpaka tuikute murramu, ule udongo mgumu wa chini, ambayo anakadiria iko sentimita 80 chini. Mimi nikasema huu si ukuta wa nyumba, ni kiukuta cha kufika magotini, sentimita 30 zinatosha. Akaniangalia. "Sawa, mama. Pesa ni yako."

Jumamosi, 3 Februari

Ukuta umesimama. Mawe ya Ndarugo, kozi moja chini ya ardhi na mbili juu, karibu nusu mita ya kuonekana. Tumetumia mawe 290.

Mambo mawili nililazimika kuyasimamia mwenyewe. Kwanza, watu walinishauri niweke waya wa kuku, ni rahisi na hewa inapita. Lakini kobe akiona ng'ambo, atataka kwenda ng'ambo. Askari alipokuwa nyuma ya waya kwa mzee alijisugua pua mpaka ikatoka damu. Mbele ya ukuta usioonyesha kitu hugeuka akaenda zake. Pili, kona. Mtu hadhani kobe hupanda, lakini kwenye kona ya mraba huegemeza mguu huku na mguu huku akajiinua kama mwizi wa maembe. Akishindwa huanguka chali, na chali juani kobe mkubwa hufa. Kwa hiyo kona zote nne tumezikata, hakuna pembe kali. Fundi alilalamika kwamba mawe yanaharibika kwa tindo, kisha alipomaliza akapiga picha.

Jumapili, 11 Februari

Siku ya kung'oa mimea yenye sumu. Lantana yote iliyojipenyeza chini ya kayaba imetoka, mizizi na matunda. Mbarika mmoja. Mnyaa uliokuwa karibu na tangi nimeukata nikiwa nimevaa miwani, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni utajua hujui. Jirani ana mparachichi ambao majani yake hupeperukia kwetu; nimemwomba nipogoe tawi moja, akakubali kwa sharti kwamba parachichi za tawi hilo ni zake hata zikiangukia kwangu.

Nilichoacha: kishona nguo, mkengeria, mchunga. Kijana aliyekuja kufyeka alidhani nimechanganyikiwa, kwa kuwa hayo ndiyo magugu aliyoitwa kufyeka kila mahali alikowahi kufanya kazi. Lakini kwa kobe hiyo ndiyo sahani yenyewe. Nyasi na majani makavu yenye nyuzinyuzi, protini kidogo, chokaa, yaani kalsiamu, ya kutosha. Mzee, kwa upendo mkubwa, miaka yote amewapa ugali wa jioni na mkate uliobaki. Gamba la Mama Mboga lina vinundu kama trei ya mayai. Hivyo vinundu haviondoki tena. Huingia kobe akiwa mdogo, akilelewa mahali pakavu na kukuzwa haraka. Ninachoweza ni kutoongeza kosa.

Jumamosi, 2 Machi

Kupanda kabla ya masika. Hii ndiyo sehemu niliyoingoja na ndiyo nitaandika kwa urefu, anayetaka hesabu za saruji aruke.

Nyasi: ukoka. Nilifikiria nyasi za Kikuyu, zile nene za lawni, lakini hapa bila kumwagilia hukauka zikawa zulia la manjano, na maji ya Ruai huja kwa zamu yanapojisikia. Ukoka nimeung'oa kando ya barabara ya ndani, magunia manne, nikaupanda kwa vipande kila sentimita 20. Nimechagua mahali ambapo magari hayapiti sana.

Kivuli: miforosadi mitatu, vijiti vya unene wa kidole gumba vilivyochomekwa ardhini. Mforosadi hushika upesi, majani yake huliwa, na matunda binti yangu ameshayagawa kabla hata ya chipukizi. Haibiskasi miwili kwenye ukuta wa magharibi, kwa kuwa majani na maua yake yote ni chakula.

Mshubiri mchache kwenye kingo. Wataung'ata, lakini mmea huu hauvunjiki moyo.

Mpungate nimeukataa, ingawa kila mfugaji wa kobe huusifu na kwa kweli wanaupenda kupita kiasi. Nilizaliwa Nanyuki. Nimeona ulivyofanya Laikipia, malisho mazima yamegeuka miiba, mbuzi vinywa vimejaa vidonda, tembo wakibeba mbegu tumboni kwenda kuzipanda kwingine. Sitaupanda kwa mkono wangu. Jirani mwenye wake akikata, nitachukua vipande vya kulisha siku hiyo hiyo.

Onyo kuhusu vitalu vya miche. Haibiskasi nilinunua Barabara ya Ngong', miche mizuri ya kung'aa, na kung'aa huko ndiko kulikonitia shaka. Nikamuuliza muuzaji ameipulizia nini. "Dawa tu ya wadudu, mama, haina shida." Dawa nyingine huingia ndani ya jani na kukaa humo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo miche ya dukani nimeikung'uta udongo wote wenye chembe za mbolea, nikapogoa majani, na kobe hawataigusa mpaka ichipue majani mapya hapa kwangu.

Maafisa wa KWS walikuja Alhamisi. Walipima urefu wa ukuta, wakauliza kuhusu mbwa, wizi, maji na mahali pa kulala. Nyumba ya kulala bado ni mchoro. Wamesema watarudi ikikamilika.

Jumamosi, 27 Aprili

Sina hamu ya kuandika lakini shajara ni shajara.

Mvua za wiki hii ndizo zilizoifurisha Mathare usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo kulia kwa ajili ya kiukuta ni kukosa haya. Nitaandika tu nilichokiona. Boma limekuwa bwawa. Maji ya vidole vinne katikati, na hayaendi popote, kwa sababu udongo huu ukishashiba hufunga kama sufuria. Ukuta wa kusini umepasuka mahali patatu. Kona moja imezama upande, nyingine imeinuliwa. Ukoka uko chini ya maji. Vijiti vya miforosadi vimechipua, ndivyo pekee vinavyofurahia.

Fundi alipita, akasimama na mikono mgongoni. Hakusema lile la sentimita 80. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza kwake kuliko ambavyo ningemshukuru kwa kazi yoyote.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu, tumekaa barazani na fundi na chai. Akaniuliza swali zuri: "Mama, si kule Nairobi Parki wako kobe hawa hawa? Na udongo si huu huu mweusi?"

Ni kweli. Nimewaona kule mwenyewe, ndani ya nyika ya vijiti vya miiba, juu ya udongo usio tofauti na huu. Nikakaa na swali lake mpaka chai ikapoa. Kobe wa kule udongo ukijaa maji huondoka. Hupanda mwinuko, hulala chini ya kichaka kwenye mawe, jua likirudi anashuka. Ana kilomita za kuchagua. Mimi nimechukua mita 84 za mraba zilizo sawasawa kama meza, nikazungushia ukuta, kisha nikapanda maua. Nimemnyang'anya mwinuko nikampa haibiskasi.

Tangu hapo mchoro umebadilika. Kila anachokipata kwa kutembea, lazima kiwemo humu ndani: juu na chini, pakavu na penye unyevu, jua kali na kivuli kizito, na pa kujificha asimwone mwenzake. Lisipokuwepo moja, ukuta ndio uliomnyima, yaani mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Ukuta umeanza upya. Tumeshuka mpaka murramu, na ilikuwa sentimita 75. Nitamwambia fundi alikosea kwa tano.

Mtindo wenyewe ni wake, na naona ni wa maana kwa yeyote aliyeko Ruai, Utawala, Kamulu na kote kwenye udongo huu. Ukuta haujaungwa kuwa kitu kimoja. Umekatwa vipande vya mita 2, na kati ya kipande na kipande kuna mwanya wa upana wa kidole, umejazwa mpira. Udongo ukivimba kila kipande kitapumua peke yake bila kumpasua jirani. Chini ya ukuta wa kusini, ambako ndiko maji yanakotaka kwenda, tumeacha mashimo matatu yenye nondo zilizosimamishwa kama meno, maji yapite na kobe asipite. Nje yake kuna mtaro wa sentimita 60 uliojazwa kokoto, unaomwaga kwenye mfereji wa barabara.

Jumamosi, 1 Juni

Madaraka, na leo ndiyo siku kilima kilipoingia. Lori moja la murramu, nusu lori la udongo mwekundu kutoka upande wa Kiambu. Chini tumetandika mawe yaliyovunjika ya ukuta wa kwanza, kwa hiyo gharama ile haikupotea yote, imezikwa. Juu yake murramu iliyoshindiliwa, juu kabisa udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga. Kilima ni mita 4 kwa 3, kinapanda mpaka sentimita 70, mteremko mpole ili Shosho asikwame. Mgongo wa kaskazini nimeuacha bila kupandwa chochote. Majike hutaga kwenye shimo wanalolichimba wenyewe kwa miguu ya nyuma, na wanataka udongo ulio wazi, wenye joto. Wakitaga, itabidi niripoti. Mayai pia yamo ndani ya sheria.

Maji: fundi alikuwa ametengeneza kidimbwi cha saruji, kizuri, chenye kingo za wima. Nimekivunja. Kobe wa nchi kavu si mwogeleaji. Ataingia anywe, atashindwa kutoka. Badala yake kuna sahani tatu za vyungu vya maua, zile pana za udongo, zimezikwa mpaka mdomo ukalingana na ardhi, kina sentimita 5. Huingia mzima mzima, hunywa, kisha hunya humo humo, kwa hiyo maji ni ya kubadilishwa kila siku.

Fundi alipendekeza vigingi vya mlangoni vipakwe oili chafu ya gari, ambayo ndiyo dawa ya mchwa ya Nairobi nzima. Nimekataa, Mama Mboga huonja kila kitu. Tumeweka vigingi vya plastiki iliyorejelewa.

Jumamosi, 15 Juni

Nyumba ya kulala imekwisha, na maafisa wamekuja mara ya pili, wametoa kibali, kobe wamehamia. Yote kwa wiki moja. Ya nyumba kwa ufupi: mita 2 kwa 1 na nusu, mawe nje, mbao ndani, katikati takataka za kiwanda cha mbao kama kizuizi cha baridi. Sakafu imeinuliwa sentimita 25 kutoka ardhini, mlango unatazama mashariki, pazia la mlango ni vipande vya mpira. Ndani kuna nyasi kavu za boma Rhodes. Paa linafunguka kama kifuniko cha sanduku ili niweze kusafisha bila kutambaa.

Mzee aliwaleta mwenyewe kwa mkokoteni, kila mmoja ndani ya gunia lake. Alikuwa amewapaka gamba mafuta ya kupikia ili wang'ae. Nilimshukuru sana na alipoondoka nikawaosha. Kabla ya kuwaachia nimewakagua kupe, chini ya makwapa na kwenye mkia, na nimetoa saba. Kupe wa kobe si mzaha. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kobe wa aina hii kuingia nchini kwao kwa sababu kupe wao huweza kubeba ugonjwa wa kujaa maji kwenye moyo unaoua ng'ombe na mbuzi. Jirani wa kayaba ana mbuzi wanne.

Askari alizunguka ukuta mara sita, akahesabu. Shosho alisimama alipowekwa, akainamisha kichwa, asitikisike kwa saa nzima. Binti yangu akasema anatunga sheria.

Jumapili, 23 Juni

Wiki ya kwanza. Hakuna aliyelala ndani ya nyumba kwa hiari. Askari analala chini ya wilbaro, Mama Mboga ndani ya haibiskasi aliyoila nusu, Shosho popote jua linapomwachia. Kila saa kumi na mbili jioni nawabeba mmoja mmoja. Kilo 11 si nyingi mpaka ziwe na makucha.

Askari amemwandama Mama Mboga kwa kumgonga gamba, ko! ko! ko!, mpaka mke wa jirani akauliza nani anajenga Jumapili. Nimepanga mawe makubwa na gogo la mgrevilea katikati ili asimwone kwa mbali. Asipomwona, humsahau. Dume mmoja na majike wawili inavumilika. Madume wawili humu ingekuwa vita.

Jumapili, 7 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 11 nje. Ndani ya nyumba yao 20. Nairobi ya Julai watu huiimba kwa makoti, lakini kwa kobe ndiyo mwezi wa hatari, na si kwa baridi tupu. Baridi kavu ataivumilia. Baridi pamoja na unyevu ndiyo inayomwingia mapafuni.

Joto linatoka kwenye balbu nyekundu ya vifaranga, ile ya wafugaji wa kuku, imefungwa kwa mnyororo na kuzungushiwa wavu wa chuma ili nyasi zisiifikie. Jumatano stima ilipotea saa tatu usiku. Mtu mmoja wa nia njema alinishauri niwawekee jiko la makaa. Jiko ndani ya sanduku lililofungwa ni jeneza. Moshi usioonekana huua kobe kama unavyoua watu kila Julai. Tulichemsha maji, tukajaza jerikeni mbili za lita 20, tukazifunga mablanketi tukazilaza kando yao. Asubuhi zilikuwa bado vuguvugu, na ndani nyuzi 17.

Jumamosi, 13 Julai

Shosho ana mapovu puani. Hajala tangu Alhamisi. Nimempima: 10.7, kutoka 11.2.

Kosa lilikuwa kwenye nyasi kavu. Juu zilikuwa kavu, chini zimelowa mkojo na umande, na nilipozinusa zilikuwa na harufu ya ukungu. Nilikuwa nabadilisha kila baada ya wiki mbili. Sasa ni kila siku ya nne.

Kumpata daktari ilikuwa kazi, maana wengi wao ni wa ng'ombe na mbwa. Kwenye agroveti moja, duka la dawa za mifugo, kijana alinitolea dawa ya minyoo na kupe kabla sijamaliza kueleza, akasema inatibu kila mnyama. Nikasoma kibandiko: ivermectin. Hiyo kwa kobe ni sumu, humpooza na kumuua, na ndiyo dawa iliyo rahisi kuliko zote kupatikana katika kila agroveti nchini. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa nyumba yao. Daktari tuliyempata hatimaye amewahi kutibu wanyamapori. Alitazama mdomoni, akasikiliza, akampa sindano kwenye mguu wa mbele, na kuamuru joto la nyuzi 28 mchana na usiku, atengwe na wenzake, na aogeshwe kwenye maji ya vuguvugu dakika 20 kila asubuhi ili anywe.

Bafuni kwetu sasa kuna foleni.

Jumapili, 28 Julai

Mapovu yamekwisha. Leo amekula maua mawili ya haibiskasi mkononi mwa binti yangu, kisha kidole karibu. Mzee alipiga simu kutoka Kinangop. Nilimwambia kila kitu, ugonjwa pia. Akanyamaza, kisha: "Ungekuwa huku, mwanangu, ungekuwa umeshamzika." Akauliza kama wanapata ugali.

Jumamosi, 24 Agosti

Wageni. Mtoto wa dada yangu aliuliza kama Shosho atafikia ukubwa wa Mzee, kobe wa Haller Park kule Mombasa, yule aliyefuatwa na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004. Hatafikia. Yule ni wa ukoo wa Aldabra kule Shelisheli, majitu ya kobe; hawa wa kwetu wamekwisha kukua. Alisikitika, akataka kujua basi kiboko tutaweka wapi.

Hali ya mimea: ukoka umefunika theluthi mbili ya chini na unaanza kupanda kilima. Miforosadi imefika kifuani mwangu. Haibiskasi mmoja umeliwa mpaka shina; nimeuzungushia waya upumzike. Mkengeria hauonekani tena ndani ya boma, wameumaliza wote, nauleta kwa gunia. Sukuma wiki nawapa majani machache tu ya kuzeeka, mara moja kwa wiki. Chokaa ya kuku imewekwa kwenye kifuniko cha kopo, na anayeilamba ni majike tu.

Jumamosi, 14 Septemba

Mizani: Askari 6.9, Mama Mboga 8.4, Shosho 11.3.

Mbwa koko aliruka ukuta Jumanne usiku. Kobe walikuwa ndani wamefungiwa, akaishia kuchimba kilimani. Nimeagiza wavu wa kuongeza juu ya ukuta wa kaskazini, na kijana wa kuchomelea anakuja Jumatatu.

Kuhusu kulala: Shosho sasa huingia mwenyewe saa kumi na moja na nusu. Mama Mboga humfuata. Askari bado ni chini ya wilbaro mpaka nimbebe, kwa hiyo wilbaro imekuwa yake na mimi nimenunua nyingine.

Nyufa zimeanza kurudi kwenye kipembe cha kusini-magharibi ambako ukoka haujafika. Nimejaza vumbi la kokoto, makarai mawili kila jioni kwa siku tatu. Mwanya kati ya kipande cha tano na cha sita cha ukuta umepanuka, sasa kidole kinapita na nafasi inabaki. Ukuta wenyewe haujapasuka popote.

Kabla ya vuli: kuzibua mtaro, kubadilisha kokoto zilizojaa tope karibu na mfereji, kununua marobota matatu ya boma Rhodes wakati bado ni rahisi, na kumwomba jirani tena kuhusu lile tawi la parachichi.